Kaka Baraka alisema dai la majivu meusi ni "obvious", halafu akashindwa kulifanya

Wakuu, habari za humu ndani. Na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukoment, nawasalimu kipekee, maana hadi jana nilikuwa mwenzenu.

Niko Form Five, mchepuo wa PCB, shule moja ya bweni Iringa. Nyumbani ni Uyole, Mbeya. Sasa hivi ni likizo na simu hii ni ya dada yangu, kwa hiyo mkiona nimepotea katikati ya comments mjue mwenyewe ameichukua.

Shule siitaji na majina nimebadilisha. Mengine yote yako kama yalivyotokea, hata yale yanayonichoresha mwenyewe. Uzi ni mrefu na hasira hazijaniisha, mnivumilie.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa aibu. Si aibu ya maringo. Nikisimamishwa mbele za watu napatwa na kwikwi, kwikwi ya kweli yenye sauti, darasa zima linageuka. Ndiyo maana nimezoea kuandika. Kila siku kabla ya kulala naandika yale niliyotaka kusema nikashindwa. Baadhi ya siku ni kurasa nyingi, jamani.

Na huko kuandika ndiko kulikoniponza.

Shuleni kwetu kuna klabu ya sayansi. Mwanasheria mmoja wa Dar aliyesoma pale zamani alijitolea kumsaidia mwanafunzi mmoja kuomba hataza. Kwa wasiojua, hataza ni haki ya mvumbuzi. Ukiipata, kwa miaka fulani mtu mwingine haruhusiwi kuutumia uvumbuzi wako kibiashara bila ruhusa yako.

Mwanafunzi mmoja tu, gharama zote juu yake. Ila aliweka sharti: kamati ya wanafunzi watatu ipitie kazi hiyo kwanza na imwandikie ripoti. Je, ni kitu kipya? Kina manufaa? Na la mwisho, lililotutoa roho: je, mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo asingekifikia tu mwenyewe bila kuumiza kichwa?

Hilo la mwisho pale shuleni tuliliita "obvious". Kitu kikiwa obvious hakipati hataza, hata kiwe kizuri namna gani.

Madam wa Kemia akaniteua kuwa mwandishi wa kamati.

"Wewe una mwandiko mzuri, halafu hupigi kelele," akasema.

Nikafurahi. Nikajua nitakaa pembeni niandike wanayobishana wenzangu. Kumbe mwandishi naye anapiga kura!

Mwenyekiti alikuwa kaka Baraka wa Form Six, mtu wa Iringa hapohapo, bingwa wa debate. Baraka akikusalimia "kamwene" ya Kihehe asubuhi unahisi anafungua mkutano wa hadhara. Wa tatu alikuwa dada Shamsa, naye Form Six, baba yake anauza mafuta ya kula sokoni Iringa mjini. Shamsa haongei sana. Akiongea, ujue ameshalipima neno.

Na mwenye kazi alikuwa Sekela, Form Three, kwao Ubaruku.

Nyie mliowahi kufika Ubaruku mnajua. Ni mpunga, mashine za kukoboa, na milima ya pumba. Pumba zile hazina mwenyewe, zinachomwa tu, zinafuka moshi siku nzima. Mama yake Sekela anakaanga maandazi. Mafuta yake ya alizeti yakikaa sana yanachacha, yanatoa harufu na yanakwaruza koo, na wateja wanasusa. Sekela akaanza kutafuta namna ya kuyaponya kwa kile kilichokuwa kimejaa uani, yaani pumba.

Njia yake naieleza kwa kifupi. Unashindilia pumba za mpunga kwenye kopo, unafunika, unaacha kitundu kidogo cha moshi, unaliweka motoni. Kwa kuwa hewa haiingii vizuri, pumba haziwi majivu meupe. Zinabaki nyeusi. Unaziacha zipoe bila kufungua. Unaloweka weusi ule kwenye maji ya ndimu, unasuuza, unakausha, unasaga. Halafu unakoroga kwenye mafuta ya uvuguvugu, unaacha yatulie, unachuja kwa kitambaa.

Mafuta yanatoka yameng'aa na harufu imekwenda.

Kwenye maombi ya hataza unaandika "madai", yaani unataja hasa ni kitu gani unachotaka kiwe chako. Sekela aliandika mawili. Dai la kwanza lilikuwa pana: kusafisha mafuta ya kula kwa majivu ya mabaki ya mazao. La pili lilikuwa jembamba: ile njia yake yote, pumba za mpunga zilizofunikwa zikabaki nyeusi, ndimu, mafuta ya uvuguvugu.

Mshike na hili. Kamati ikisema kazi ni obvious, msaada wa mwanasheria unakufa hapohapo. Halafu kazi inabandikwa ukutani siku ya wazazi, hatua zote, kila mtu asome. Na kule Ubaruku yuko bwana mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtoto wake anasoma kwetu. Alishaanza kupita kwa mama Sekela kununua andazi moja na kuuliza maswali kumi.

Kwa hiyo kwa Sekela haikuwa mambo ya cheti. Ilikuwa ama njia ni yake, ama ni ya yule bwana mwenye mashine.

Siku ya kikao tulikaa lab. Baridi ya Iringa ile ya kuvaa sweta mbili. Wote watatu tulikuwa tumeshasoma maelezo ya Sekela kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kumbukeni hilo.

"Hii obvious," Baraka akasema hata kabla hajakaa. "Tuandike tukale."

"Obvious kivipi?" Shamsa akauliza.

"Twende hatua kwa hatua. Majivu yanasafisha, nani hajui? Bibi yangu Kilolo anasugulia masufuria. Ndimu inakata harufu, kila anayeosha samaki anajua. Mkaa unachuja maji, tumesoma tangu wadogo. Kuchuja kwa kitambaa, hata pombe ya ulanzi inachujwa. Sasa huyu dogo amevumbua nini hapo? Kopo?"

Tukacheka. Na mimi nilicheka, nakiri, maana alisema kwa madoido yake. Huku naandika.

Ila nilipokuwa naandika ndipo kitu kikaanza kunikera.

Kila hatua amemtafutia mwenyewe. Bibi wa Kilolo, muosha samaki, kitabu, mchuja ulanzi. Sawa. Lakini hao wote hawajawahi kukutana! Bibi wa Kilolo hajawahi kutia majivu kwenye mafuta. Muosha samaki hajawahi kuchoma pumba kwenye kopo. Kwa mtindo huo hata keki ni obvious, si unga tunaujua na mayai tunayajua?

Halafu Baraka anasema hayo baada ya kusoma jibu. Wakuu, mnajua kitendawili kinavyokuwa. Mtu anatega, watu mnahangaika, mnataja kila mdudu, mwisho mnampa mji. Akishatoa jibu tu, kila mtu: "Aaah, nilikuwa nataka kusema hilohilo!" Ulikuwa wapi sasa?

Nikataka kusema. Nikafungua mdomo.

"Kaka Bara... hik."

"Mwandishi, kanywe maji kwanza," Baraka akasema. Kwa upole kabisa, ndicho kilichoniudhi zaidi.

Nikaandika kwenye karatasi nikamsogezea: Nani aliyewahi kuziunganisha hizi hatua kabla ya Sekela?

Akasoma kwa sauti. Akacheka.

"Hakuna aliyeziunganisha kwa sababu hakuna aliyejisumbua."

Hebu niambieni, mtu wa hivyo unamjibu nini? Ikiwa watu wamefanya, ni obvious. Ikiwa hawajafanya, ni obvious ila walikuwa wavivu. Hakuna mlango wa kutokea. Nilikandamiza kalamu mpaka ukurasa wa pili ukapata alama.

Ndipo Shamsa akaongea.

"Mimi kuna kitu lazima niseme. Baba dukani, mafuta yakianza kunuka, anayapitisha kwenye majivu ya kuni, yamefungwa kwenye kitambaa. Harufu inapungua. Si sana, ila inapungua. Na si baba peke yake, wenzake pale sokoni wanafanya."

Baraka akapiga meza. "Umeona! Umeona! Andika hiyo, mwandishi, andika kwa herufi kubwa."

Nikaandika, kwa herufi za kawaida. Hapo nikajua dai la kwanza la Sekela limeumia. Kusafisha mafuta kwa majivu ya mazao wakati watu sokoni wanasafisha kwa majivu ya kuni... hatua kutoka kuni kwenda pumba ni ndogo mno.

Nikiwa mkweli, hapo ningeweza kukubaliana na Baraka tukaenda kula. Njaa ilikuwepo, na siku hiyo ilikuwa wali.

Aliyetuokoa ni Madam. Alikuwa anasahihisha madaftari kule nyuma, akanyanyua kichwa.

"Mmejaribu?"

Shamsa akatikisa kichwa.

"Ripoti ya kemia bila kujaribu ni umbea. Jaribuni. Mafuta yaliyochacha yapo kwenye kabati, pumba zipo, Sekela asiwepo."

Baraka akajitolea kuandaa yale majivu mwenyewe. "Kitu obvious, saa moja tu," akasema.

Jumamosi tukakutana tena. Baraka alikuwa na unga wake tayari kwenye bakuli, amefunika kwa sahani. Tukapasha mafuta, tukakoroga, tukaacha yatulie, tukachuja.

Mafuta yakatoka na njano ileile. Nikanusa. Harufu ileile.

Tukapima na ukali wake. Mnaokumbuka lab: unayeyusha mafuta kidogo kwenye spirit, unatia ile dawa ya kiashirio, halafu unadondosha sodium hydroxide hadi pinki itulie. Matone mengi maana yake mafuta yamechacha sana. Tukalinganisha na mafuta ambayo hayajasafishwa. Tofauti ilikuwa ya kutafutia tochi.

Baraka akafuta mikono kwenye koti la lab.

"Haifanyi kazi. Mwandishi, andika haifanyi kazi."

Safari hii kwikwi haikunipata. Labda hasira ziliiziba.

"Kaka, juzi si ulisema ni obvious?"

"Ni obvious na haifanyi kazi."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Wakuu, nilitoka nje. Nilisimama pale kwenye bomba nikahesabu mipaini ya kwenye uzio. Mtu mzima wa Form Six, anayekwenda chuo kikuu kesho kutwa, anakuambia kila mtu angelijua jambo lililomshinda yeye kulifanya, na bado haoni tatizo!

Nikarudi ndani nichukue vitu vyangu. Nikafunua ile sahani.

Unga ulikuwa mweupe. Mweupe peee, kama sembe.

"Kaka Baraka, mbona haya majivu ni meupe?"

"Si ndiyo majivu."

"Sekela ameandika yabaki meusi."

"Ah, nilifunika kama alivyosema. Nilipofungua yalikuwa meusi, hayajaiva. Nikayarudisha motoni bila kifuniko nikayaivisha vizuri. Yale meusi si majivu, ule ni uchafu."

Shamsa akaanza kucheka polepole, akaishia kuinama kwenye meza. "Baraka wewe! Umepewa njia mkononi, ukaisahihisha!"

Sasa kwa wale wa mikoa mingine ngoja nieleze, maana bila hili hamtaona uzito wake. Kwetu huku, kuanzia Uyole hadi Iringa, majivu ni meupe. Umelelewa hivyo. Ya kusugulia sufuria ni meupe, ya kutia kwenye maharage yasibunguliwe ni meupe. Mama akikutuma jikoni ukarudi na meusi anakuambia hayo hayajaiva, rudisha. Meusi yanachafua sufuria, yanachafua mikono, yanachafua kila kitu. Hakuna mtu mwenye akili zake angeyatia kwenye mafuta ya kula.

Na mimi? Ningefanya vilevile alivyofanya Baraka, siwezi kudanganya. Ningefungua kopo, nikaona weusi, nikasema sijachoma vya kutosha.

Hata Sekela mwenyewe, tulipokuja kumuuliza baadaye, alisema alianza na meupe. Alijaribu meupe mpaka mama yake akamkataza kugusa mafuta. Meusi aliyatia siku ambayo hakuwa na kitu kingine, akasema liwalo na liwe.

Jioni ileile tukarudia, Shamsa akiwa msimamizi wa kopo. Kopo halikufunguliwa hadi lilipopoa. Ukatoka weusi, tukatia ndimu, tukasuuza, tukakausha, tukasaga. Kesho yake mchana baada ya ibada tukakoroga.

Sijui niwaambie nini. Yale mafuta yalikuwa kama yametoka mashineni. Matone ya kufikia pinki yalipungua kiasi kwamba Shamsa alidhani nimekosea kudondosha, tukarudia.

Kwa kuwa Baraka alikuwa amesema habari ya mkaa, tukasaga na mkaa wa kawaida wa dukani, tukautia ndimu, tukaufanyia yote yaleyale. Rangi ilipungua kidogo. Harufu ilibaki, na ukali ukabaki.

Madam akatueleza kwamba pumba za mpunga zina kitu cha jamii ya mchanga ndani yake, silika. Ukichoma hadi nyeupe kwa moto mkali, silika inajifunga na kuwa ngumu, haishiki tena uchafu. Ukichoma kwa kufunika, inabaki na vinyweleo, na mkaa nao upo humohumo. Mkaa wa mti hauna silika ya kutosha. Majivu meupe hayana mkaa. Meusi ya pumba yana vyote.

"Nani alijua hilo kabla ya leo?" Madam akauliza.

Baraka alikuwa anaangalia dirishani.

Tukapiga kura.

Niliwasomea kwanza ile karatasi ya mwanasheria. Inasema mfikirie mtu wa kazi hiyo, anayejua yote yaliyokwishajulikana, lakini si mbunifu. Je, angeifikia njia hii? Nikasema, bila kwikwi, kwamba mtu huyo kwetu tunamjua. Ni baba yake Shamsa. Anajua majivu, anajua mafuta, ameyahangaikia miaka yote. Na hajawahi kutia meusi. Kila alichokijua kilimwambia asitie.

"Lakini sasa tunajua," Baraka akasema.

"Sasa tunajua kwa sababu ametuambia!"

Niliinua sauti, wakuu. Mimi. Madam alidondosha kalamu.

Dai la pili: Baraka akasema obvious, kwa sababu eti mwenyekiti lazima awe na msimamo. Shamsa akasema si obvious. Mimi nikasema si obvious. Likapita.

Dai la kwanza, lile pana: Baraka obvious. Shamsa obvious, kwa sababu ya baba yake.

Wakanigeukia mimi.

Kura yangu haikuwa na kazi tena, walishakuwa wawili. Ningeweza kusema si obvious nikabaki rafiki wa Sekela. Lakini nilikuwa nimemkasirikia Baraka wiki nzima kwa kuamua kabla ya kupima. Ningekuwa na tofauti gani naye?

Nikasema obvious.

Jioni Sekela akanifuata bwenini. Alikuwa ameshasikia. Shuleni habari hazilali.

"Dada, na wewe?"

"Sekela, la pili limepita. Hilo ndilo lako kweli."

"La pili ni la pumba za mpunga tu! Yule bwana wa mashine ana magunzi ya mahindi yamejaa hadi barabarani. Atachoma magunzi. Atafunika kopo vilevile. Atasema mimi situmii pumba, natumia magunzi, nenda ukashtaki. Mmenipa mlango mkabomoa ukuta!"

"Watu wa sokoni walikuwa wanatumia majivu kabla yako, mdogo wangu. Huwezi kuwanyang'anya akina baba yake Shamsa majivu yao."

"Sijamnyang'anya mtu! Nilitaka asininyang'anye yeye!"

Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba alikuwa sahihi kwa upande wake, na mimi nilikuwa sahihi kwa wangu, na usahihi wangu ulikuwa unamgharimu yeye. Nilitaka kumwambia hivyo. Kwikwi ikanishika. Akadhani nalia, akazidi kukasirika, akaondoka.

Ripoti ikaenda Dar na dai moja. Mwanasheria akakubali. Akaandika kwamba amefurahi tumeeleza kwa nini la kwanza tumelikata, maana angelikata yeye, na wakaguzi wangelikata baada yake. Madam akaisoma mbele ya klabu nzima. Makofi. Sekela hakupiga makofi.

Akaninunia. Dining akiniona anahama meza. Nikimsalimia anaitika kama anajibu namba kwenye rollcall. Baraka ndiye aliyekuwa anamwita "Profesa wa Majivu" na kumpigia saluti, na yeye anacheka naye! Mtu aliyesema kazi yake ni uchafu! Mimi niliyemtetea ndiye adui. Kurasa nilizoandika kipindi hicho sitazirudia hapa, zina maneno ambayo dada yangu akiyaona humu atanipokonya simu kabla ya wakati.

Siku moja kabla ya kufunga shule nilikuwa napanga begi. Sekela akaingia. Hakubisha hodi. Akaweka kopo kitandani kwangu, juu ya sketi niliyokuwa nimeshaipiga pasi.

"Fungua."

Nikafungua. Unga mweusi.

"Mpunga?"

"Magunzi. Nimechoma magunzi kila namna ninayoijua. Kwa kufunika, kwa nusu kufunika, kwa ndimu, kwa ndimu mara mbili. Madam alinipa ufunguo wa lab. Halafu nikachoma maganda ya karanga. Halafu mabua."

"Ikawaje?"

Akakaa kitandani. Alikuwa na weusi hadi kwenye nyusi.

"Hayafai. Mafuta yananuka vilevile. Mabua yanapunguza kidogo tu. Mpunga peke yake."

Nikamwangalia. Akawa anajizuia, lakini mdomo ulikuwa unamponyoka pembeni.

"Kwa hiyo yule bwana na magunzi yake..."

"Achome," akasema. "Achome hadi barabara iishe."

Tukacheka mpaka wa kitanda cha juu akatupigia kelele. Halafu Sekela akanyanyuka, akafuta mikono kwenye shuka langu, shuka langu jamani, akasema:

"Ila bado nimekukasirikia, dada. Siku nyingine uniambie kabla ya kura, si baada."

Akatoka. Kopo akaniachia, nilikuja nalo hadi Uyole na mama ameshauliza mara mbili kwa nini nimeleta uchafu nyumbani.

Maombi yameshawasilishwa Dar, ndiyo maana nimethubutu kuandika njia humu, ila majibu hayajatoka. Yakikataliwa nitakuwa nimeumia, lakini angalau yatakuwa yamekataliwa na mtu aliyeyapima.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Kusema "hiki kila mtu angekijua" ni rahisi kuliko yote duniani, kwa sababu unakisema ukiwa umeshasimama mwisho wa njia, unaangalia nyuma, unaona imenyooka. Rudi mwanzo. Sahau ulichoambiwa. Shika kopo la pumba na mafuta yanayonuka, halafu jiulize ungeanza na nini. Ukijijibu kwa ukweli, majivu yako yatakuwa meupe kama ya Baraka na kama yangu. Na hukumu hiyohiyo ya haki itumie hata kwa rafiki yako akitaka zaidi ya alichokivumbua, ingawa kwa hilo jiandae kula peke yako.

Wenye uzoefu wa mambo ya hataza, au mliowahi kuambiwa kazi yenu ni ya kawaida tu, karibuni mnisahihishe na mtusimulie yenu, nitasoma zote kabla dada hajarudi. Na nyie mnaotaka kuandika "hata mimi ningefanya", andikeni tu, ila naomba mseme kabisa mlifanya lini.